Vitufe Vinavyoitika

Bonyeza kitufe kimoja cha kibodi ya IBM Model M, polepole kuliko unavyobonyeza unapoandika, na usikilize. Mwanzoni hakuna kinachotokea. Springi iliyo chini ya kitufe inakaza, kidole kinasukuma chini nayo inasukuma juu, kama mlango wa mbao uliovimba kwa mvua. Halafu, kabla kitufe hakijamaliza safari yake ya milimita 4 hivi, ukinzani unakatika. Kach! Springi imepinda ubavuni, imepiga ukuta wa kishimo chake, na herufi imekwishatokea kwenye skrini. Nimefanya hivyo usiku mwingi, nyumba imelala, nikibonyeza herufi ileile taratibu ili niikamate ile nukta ambapo springi inakubali kushindwa. Sijaikamata bado. Kila mara inanitangulia.

Kibodi yenyewe niliipata Kariakoo, kwenye duka la kompyuta zilizotumika, zile zinazoshushwa kwa makontena kutoka Ulaya. Ilikuwa chini kabisa ya rundo, imefungwa kwa waya wake mwenyewe uliojisokota kama waya wa simu ya mezani. Kijana muuzaji alinionea huruma. "Kaka, chukua hii ya yuesibii, nyepesi. Hiyo nzito halafu ina kelele." Nilipoigeuza nikaona lebo: Model M, namba ya kifaa 1391406, mwaka 1989. Ilikuwa imetoka Greenock, mji wa bandari huko Scotland, mahali mto Clyde unapokutana na bahari, ambako IBM ilikuwa na kiwanda. Alitaka 15,000, nikampa 10,000, akaifunga kwa gazeti. Ina uzito unaozidi kilo 2. Ndani ya daladala niliipakata kama mtoto wa watu.

Sauti ile ina mwenyewe. Richard Hunter Harris, mhandisi wa IBM, alipata hataza ya kwanza ya wazo lake mwaka 1972, na ile iliyozaa kibodi hizi mwaka 1978. Wahandisi wa majengo huiogopa nguzo inayopinda; nguzo ikishapinda, paa liko chini. Harris aliitafuta hali hiyohiyo makusudi, akaipunguza hadi ikaenea ndani ya kishimo kinachozibwa na ncha ya kidole. Springi nyembamba imesimama ndani ya kibomba cha plastiki, mguu wake umekaa juu ya kijisahani kinachobembea. Ikielemewa, inapinda. Ikipinda, mguu unakibembeza kijisahani, nacho kinabana tabaka za plastiki laini zilizochorwa njia za umeme. Ni tendo moja, lakini kidole kimelihisi, sikio limelisikia, na kompyuta imelipokea, vyote kwa pamoja. Kwa hiyo mlio ule haukuongezwa ili kupendeza. Ni sauti ya jambo lenyewe likitendeka.

Nalirudia hili kwa sababu ndilo watu wengi hulipita. Wanadhani mvuto wa kibodi hizi ni kelele, au ni mapenzi ya vitu vya kale, kama mtu anayetundika saa mbovu ukutani kwa kuwa ilikuwa ya babu. Mimi naona ni suala la kuitika. Sisi tumelelewa hivyo. Mtoto akiitwa yuko uani, haji kimyakimya. Anaitika kwanza, "Abee" au "Naam", ndipo aache anachofanya na kunyanyuka. Mama hakuwa na haraka ya kumwona. Alitaka kujua kwamba sauti yake imefika. Kuitika ni jambo moja, kuja ni jambo jingine, na mtoto anayekuja bila kuitika huambiwa hana adabu hata kama amekuja mbio. Herufi kutokea kwenye skrini ni kuja. Ule mlio ni kuitika. Kibodi nyingi za siku hizi huja tu.

Neno hilo, kuitika, si langu, ni la shangazi yangu. Alisomea uhazili Tabora, akarudi na cheti cha hatimkato na cha kupiga chapa, akafanya kazi ya upigachapa katika ofisi za serikali kwa zaidi ya miaka 20. Nilipokuwa mdogo, likizo, nilikuwa nakaa chini ya meza yake. Taipureta yake ilikuwa Olympia ya kijivu, nzito kama jiwe la kusagia, na kutoka pale chini sikuona mashine, niliisikia tu: herufi zikinyesha, kengele ndogo ikigonga mstari unapokaribia kwisha, kisha mkokoto wa gari la karatasi likirudishwa kwa mkono. Baada ya siku chache nilikuwa nasikia hata makosa. Makosa yalikuwa na umbo lake: kimya kifupi, pumzi ikitolewa puani, karatasi ikizungushwa nyuma nusu mstari.

Kazi iliyokuwa inamkosesha usingizi ni ya stensili. Waraka wa kwenda kata zote ulipaswa kuchapwa kwenye karatasi iliyopakwa nta, utepe wa wino umeondolewa njiani, ili kila herufi ya chuma iikate nta na kuacha tundu ambalo wino wa mashine ya saikostaili utapita. Ukigonga kwa woga, herufi haitoki. Ukigonga kwa hasira, ile duara ya "o" inadondoka yote, na kila nakala itakuwa na doa jeusi mahali pake. Ukikosea, unapaka dawa nyekundu yenye harufu ya dawa ya kucha, unapuliza, unasubiri, unagonga tena. Shangazi aliweza kugonga kurasa 3 bila kuifungua ile chupa. Mikono yake haikuwa inabonyeza herufi. Ilikuwa inapima kila moja, herufi nyembamba kama "i" kwa upole, herufi pana kama "m" kwa kidole kizima.

Kompyuta zilichelewa kufika kwetu. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na ingawa baadaye milango ilifunguliwa, kwa wapigachapa wengi taipureta ndiyo iliyobaki mezani mpaka miaka ya 1990. Shangazi aliruka kutoka ile Olympia moja kwa moja hadi kwenye kompyuta. Kibodi ya kwanza aliyopewa ilikuwa nzito, yenye mlio, na aliizoea ndani ya wiki. Kisha ofisi ikabadilisha vifaa, zikaja kibodi mpya, nyepesi, ambazo chini ya vitufe vyake kuna shuka la mpira lenye vichuguu. Kichuguu kikibonyezwa kinabonyea, kikiachwa kinarudi, na kati ya hapo hakuna mpaka ambao kidole kinaweza kuapa kwamba kimeuvuka. Akaanza kuumwa vifundo. Alikuwa anagonga kwa nguvu ya stensili juu ya kitu kisichomrudishia chochote. "Hii bubu, mwanangu," aliniambia. "Naiita, haiitiki. Sasa naita kwa nguvu zaidi."

Nilikuja kuelewa baadaye kwamba IBM wenyewe waliijua hiyo haja ya kuitikiwa, na kwamba waliishughulikia kwa njia inayonigusa sana. Katika miaka ya 1970, kabla ya Model M, walitengeneza vituo vya kuandikia vilivyounganishwa na kompyuta kubwa, vyenye kibodi za aina nyingine ya springi. Waliotarajiwa kukaa mbele yake walikuwa wametoka kwenye taipureta ya umeme ya Selectric, iliyoingia sokoni mwaka 1961, ile yenye tufe moja dogo linalobeba herufi zote na kucheza juu ya karatasi. Mbele ya skrini hapakuwa tena na kitu cha kugonga karatasi. Basi ndani ya kibodi hizo wakaweka kisumaku cha umeme chenye kazi moja tu: kila herufi ilipopokelewa, kilibisha kwenye bati la ndani. Ko! Hakikuandika wala hakikusukuma chochote. Kiliwekwa ili mtu ajue amesikika.

Lugha yetu nayo haijasahau. Tunasema kuchapa: tunachapa kitabu, tunachapa kazi, tunachapa bakora, ng'ombe anatiwa chapa. Tunasema kucharaza, na neno hilohilo ndilo la mpiga gitaa na la mwalimu mwenye fimbo. Kompyuta ilipokuja, waliounda istilahi wakaita kibodi kicharazio, na nadhani walikuwa na sikio zuri kuliko sisi tuliobaki na neno la kukopa. Kwenye maneno hayo yote kuna pigo, na pigo lina pande mbili, linalopiga na linalopigwa. Simu imetuletea maneno mengine: kubofya, kugusa, kutelezesha. Sina ugomvi nayo. Barua nyingi za mapenzi za zama hizi zimeandikwa kwa kidole gumba juu ya kioo. Lakini kioo kinapokea herufi zote kwa uso mmoja, "a" na "z" na kosa na neno la kweli, na mara nyingi nimeinua macho nikakuta nimetuma nisichokiandika.

Kuna jambo ambalo nimelijua kwa kuandika Kiswahili tu, kila siku, kwa miaka mingi. Tazama kompyuta mpakato ya mtu anayeandika kwa lugha hii. Herufi ya kwanza kufutika ni A. Baada yake huenda N au I, lakini A kwanza, daima. Q na X zimebaki mpya kama siku zilipotoka dukani, kwa kuwa hatuna kazi nazo. Andika "anakaanga": herufi 9, na 5 kati yake ni A. Sasa, mpangilio wa vitufe tunaoutumia umetokana na kazi ya Christopher Latham Sholes wa Milwaukee, Marekani, na wenzake, waliopata hataza ya mashine yao mwaka 1868. Ilipoingia sokoni miaka ya 1870, ilikuwa imepangwa kwa ajili ya Kiingereza. A iliangukia kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Ile alama ya ng'ombe, ng'ambo na ming'ao baadaye ikaangukia kidole cha mwisho cha mkono wa kulia. Kwa hiyo lugha yetu nzima imebebwa na vidole viwili vidogo, vile ambavyo hata kubeba kikombe vinasubiri wenzao waanze.

Na hapo ndipo Model M ilipoiokoa mikono yangu. Kidole dhaifu kinachoitikiwa kinajua pa kuishia. Kikishasikia kach, kinaondoka. Hakina haja ya kwenda mpaka chini kugonga bati ili kipate uhakika. Siandiki haraka zaidi kuliko nilivyokuwa naandika, na anayekuahidi kasi anakuuzia maneno. Lakini mwisho wa siku ya kurasa 10, kidole changu cha kushoto hakiniambii kitu, na zamani kilikuwa kinaniambia mengi.

Nisiifanye kibodi hii kuwa malaika. Hiyo yenyewe ilizaliwa kwa kubana matumizi. Kabla yake kulikuwa na Model F, iliyokuja na kompyuta binafsi ya IBM mwaka 1981, yenye springi hiyohiyo lakini yenye njia ghali zaidi ya kutambua kwamba kitufe kimebonyezwa. Mwaka 1985 Model M ilikuja na zile tabaka za plastiki mahali pa sakiti, na badala ya bati mbili kushikwa kwa chuma, sahani ya plastiki ikabanwa kwenye bati kwa vijichwa vidogo vya plastiki iliyoyeyushwa. Vijichwa hivyo ndivyo ugonjwa wake. Miaka ikipita vinakatika, kimoja kimoja, na ukiitikisa kibodi unavisikia vikicheza ndani kama punje kwenye kayamba. Wanaozitunza hutoboa upya kila kitundu na kutia bolti nyembamba. Kitu tunachokiita imara leo kilikuwa, kwa walioshika cha kabla yake, kitu kilichopunguzwa.

Kisha hesabu hiyohiyo ikaendelea. Bei ya kompyuta iliposhuka, kibodi ikawa kitu cha kutupiwa ndani ya boksi bila kuhesabiwa, na shuka moja la mpira likashinda springi mia na ushee. Kule Lexington, Kentucky, ambako IBM ilikuwa inatengeneza taipureta na kibodi zake, kazi hiyo iliuzwa mwaka 1991 na kuwa kampuni ya Lexmark. Mwaka 1996 Lexmark nayo ikaachana na kibodi. Waliokuwa wafanyakazi wake wakachukua mitambo na haki za kutengeneza, wakaanzisha kampuni yao ndogo, Unicomp, na hadi leo springi zinapinda Kentucky. Nikiifikiria hadithi hiyo nawaona watu waliokuwa wameusikia ule mlio kazini kila siku ya Mungu, ambao wangeweza kushukuru ukimya, na wakakataa.

Vijana nao wameingia kwa mlango mwingine. Wacheza michezo ya kompyuta ndio waliozirudisha kibodi za kimakanika madukani, kwa kuwa kwao sehemu ndogo ya sekunde ni uhai, na swichi za Cherry za Ujerumani, zinazotambulikana kwa rangi, zikawa kama kabila: wa buluu wana mlio, wa kahawia wana kijinundu bila mlio, wa nyekundu hushuka laini mpaka chini. Nimezijaribu zote. Hizo nyekundu nazipa heshima yake, ni kazi safi, lakini kwangu ni mtu anayekusikiliza kwa adabu bila kutikisa kichwa.

Kibodi yangu ilipofika nyumbani haikuwa inafanya kazi yote. Nilinunua kigeuzi cha kuiunganisha na kompyuta ya sasa, nikachomeka, na kila herufi ikasema isipokuwa M. Nilivua vifuniko vyote 102, kimoja kimoja, kwa waya niliokunja ncha, nikavilaza usiku kucha kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Maandishi hayakutoka hata kidogo. Herufi zile hazikupakwa juu. Rangi imezamishwa ndani ya plastiki kwa moto, kama chale. Juu ya 3 kuna alama ya pauni ya Uingereza, ambayo sijawahi kuihitaji lakini nimeizoea kama jirani. Chini ya vifuniko nilikuta vumbi la ofisi nisiyoijua, nywele za watu wasionijua, pini moja ya stepla, na punje za kitu ambacho huenda kilikuwa biskuti. Halafu nikatazama kishimo cha M kwa tochi. Springi haikuwa imekatika. Ilikuwa imeinama tu, mguu umeteleza kidogo, kijisahani kimekaa upande. Nikaisimamisha kibodi wima, nikaitikisa kwa upole, nikairudisha springi katikati kwa kijiti cha meno, nikabandika kifuniko. Nikabonyeza.

Mtu anayeishi na vifaa visivyofunguka, vilivyogundishwa kwa gundi ili fundi asivione, ataelewa kwa nini nilikaa pale sakafuni nikibonyeza M peke yake, mmmm, mistari mitatu.

Profesa Eiiti Wada wa Japani, aliyeifikiria kibodi ndogo inayoitwa Happy Hacking Keyboard iliyotoka mwaka 1996, alilieleza jambo hili kwa mfano wa wachunga ng'ombe wa Marekani: farasi wake akifa, mchungaji humwacha palepale, lakini tandiko hulibeba begani hata awe katikati ya jangwa. Kompyuta ndiyo farasi. Nami katika maisha ya kibodi hii nimekwishabadilisha kompyuta mara mbili. Fundi cherehani wa mtaani kwetu anakodi mashine na amehamia vibaraza vinne, lakini mkasi ni uleule, na hakuna anayeruhusiwa kukatia karatasi.

Shangazi sasa anaishi nasi. Macho yamemfifia, anaona mwanga na vivuli, na mchana hukaa sebuleni mlango wa chumba changu ukiwa wazi. Mara ya kwanza nilimwomba radhi kwa kelele. Akaniambia niache mlango hivyohivyo. Siku nyingine nilimwongoza akae kwenye kiti changu, nikaweka vidole vyake juu ya mstari wa katikati, navyo vikajipanga vyenyewe, A mpaka F, J mpaka nukta-mkato. Aliandika jina la baba yake, kwa ukamilifu, bila kosa, kwa nguvu kidogo kuliko inavyohitajika. Kisha akatulia, kiganja kikiwa bado juu ya vitufe, akasema, "Naam."

Jana nilikuwa napambana na aya moja ya makala haya. Niliandika, nikafuta, nikaandika tena. Kitambo kikapita bila neno kutoka sebuleni. Halafu nikamsikia akijisogeza kwenye kiti.

"Sentensi hiyo inakusumbua," akasema. "Umerudi nyuma mara ya nne."

"Shikamoo, Shangazi. Nilidhani umelala."

"Marahaba. Iache, kaanzie ile iliyotangulia. Pale ndipo ulipoanza kugonga vibaya."